Mgonjwa Asitengewe Chungu



Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua ya dada mmoja anayeishi pamoja na wazazi wa mumewe. Mavyaa wake ameambiwa hospitalini kwamba ana ugonjwa wa kisukari. Tangu siku hiyo nyumba yao ina vyungu viwili, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha wazima. Watoto na wajukuu wakizunguka sinia la wali wa nazi, bibi huketi kando na bakuli lake la mboga zilizochemshwa kwa maji matupu, hazina tui wala kitunguu. Siku ya tatu alikataa kula. Siku ya tano alikutwa jikoni usiku, hamri mkononi, na mwanawe akamgombeza mbele ya wajukuu. Dada huyu anauliza: "Je, tunamlinda au tunamuadhibu?"

Swali lake ni zito, na naamini si lake peke yake. Nyumba nyingi za pwani zina mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu, na nyingi zimechagua njia hii ya vyungu viwili. Nia ni njema, lakini njia ina makosa mawili. Kosa la kwanza ni kwamba mtu aliyekula sinia moja na jamaa zake miaka sitini hawezi kutengwa ghafla asihuzunike, na mwenye huzuni huacha kula au hula kwa kujificha. Kosa la pili ni kubwa zaidi: tunadhani kwamba chakula kinachomdhuru bibi hakitudhuru sisi.

Hebu tuhesabu sukari ya chai peke yake. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4 za sukari. Mwenye kunywa vikombe vinne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, amekunywa karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isipindukie sehemu moja ya kumi ya nguvu anayopata mtu kutokana na chakula, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na kwamba ni bora zaidi ikishuka hadi gramu 25. Basi mtu huyo amekwisha kuufikia mpaka kabla hajagusa hamri, kaimati wala soda. Tena mpaka huo umewekewa mtu mwenye afya. Isitoshe, aina ya kisukari inayowapata sana watu wazima huandama ukoo, na mtoto wa mwenye maradhi hayo yumo hatarini kuliko mwenzake. Kwa hiyo, yule mwana aliyemgombeza mamake angefaa kuitazama sahani yake mwenyewe.

Jibu langu, basi, ni hili: msimtengee mgonjwa chungu, bali kibadilisheni chungu cha nyumba nzima. Hapana haja ya vyakula vigeni vya bei ghali. Anzeni na mambo manne.

La kwanza, sukari itoke sufuriani. Desturi yetu ni kuichemsha chai pamoja na sukari yake, kisha ikatiwa katika chupa, na kila mnywaji akalazimika kunywa utamu aliouchagua mpishi. Chemsheni chai kwa tangawizi, iliki na mdalasini, bila sukari, kisha kopo la sukari liwekwe mkekani na kila mtu ajitilie kwa kijiko kidogo. Mwenye kuzoea vijiko vitatu ashuke hadi viwili juma hili, na kimoja juma lijalo, ulimi hujifunza. Wala tusidanganyane kwa asali, sukari guru au tende. Zote hupandisha sukari mwilini. Tunda nalo lina faida zaidi likitafunwa zima kuliko likikamuliwa maji yake.

La pili, sinia lipangwe upya. Wataalamu wa lishe hushauri nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wanga, na robo iwe samaki, nyama au nafaka za jamii ya kunde. Kwetu sisi tunaokula sinia moja, vipimo hivyo huanzia jikoni. Kama mlizoea kupika kilo moja ya mchele, pikeni robo tatu. Na kama mlinunua vicha viwili vya mchicha, nunueni vinne. Mchunga, mnavu, kisamvu na majani ya kunde yote yanafaa. Kwa mgonjwa, pakueni fungu lake la wali upande wake wa sinia, ili ajue kiasi chake bila kutengwa na wenzake. Na ifahamike kwamba sima, muhogo, ndizi mbichi na viazi vitamu ni wanga pia. Kuuacha wali na kula mlima wa sima si kupunguza.

La tatu, tui lipimwe. Nazi si adui, lakini ina mafuta mengi, na nyumba nyingine hukamua nazi mbili kwa chungu kimoja cha mbaazi. Kwa watu sita, nazi moja yatosha mbaazi na mchicha pamoja, kwa namna hii:

Rowekeni vikombe viwili vya mbaazi kavu usiku kucha. Asubuhi mwageni maji hayo, tieni mengine, na mzichemshe mpaka ziive na kulainika. Kuneni nazi moja, mkamue kikombe kimoja cha tui zito na kukiweka kando, kisha mkamue vikombe viwili vya tui la pili. Tieni tui hili jepesi katika mbaazi pamoja na kitunguu maji kilichokatwakatwa, punje tatu za kitunguu thaumu zilizopondwa, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Pikeni kwa moto mdogo mpaka rojo liwe zito. Mwisho tieni nusu kikombe cha lile tui zito na nusu kijiko cha chai cha chumvi, mkikoroga polepole lisikatike, na mteremshe likianza tu kuchemka. Nusu kikombe iliyosalia ni ya mchicha. Uosheni kabla ya kuukata, muupike na kitunguu na nyanya kwa dakika chache tu usipoteze rangi yake, kisha mtie tui na kuuepua.

Kando ya sinia wekeni ndimu zilizokatwa. Ndimu huuzidisha mlo ladha bila chumvi, na husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mbaazi na mboga za majani. Chai nayo isubiri kama saa moja baada ya kula, kwani huzuia ufyonzaji huo.

La nne, chumvi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha ile iliyomo katika mkate, viungo vya pakiti na achari. Ng'onda na papa mkavu warowekwe na maji yao yamwagwe mara mbili kabla ya kupikwa. Samaki mbichi apakwe ukwaju, thaumu na tangawizi, achomwe juu ya makaa. Hapo hatahitaji chumvi nyingi wala karai la mafuta.

Sasa nitoe tahadhari, na naomba isomwe kwa makini. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asiache dawa kwa sababu chakula kimebadilika, wala asipunguze wanga ghafla bila kumwarifu daktari wake, kwani sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Mkimwona anatetemeka, anatoka jasho jingi au anababaika kwa maneno, na bado anaweza kumeza, mpeni mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji. Akiwa amepoteza fahamu, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali. Mwenye maradhi ya figo naye asifuate ushauri wa mboga na mbaazi kabla ya kumuuliza daktari wake, kwa kuwa mipaka yake ni mingine.

Limebaki moja. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, yaani ukimhurumia mletee tu. Lakini kisukari si homa ya siku tatu. Ni maradhi ya kuishi nayo, na mwenye kuishi nayo lazima aulizwe. Nilimshauri yule dada amrudishe mavyaa wake jikoni, si kwa kumtwisha kazi, bali kwa kumpa heshima yake. Nani katika nyumba ile alijua kupima tui kuliko yeye?

Juma lililopita dada huyo aliniandikia tena. Bibi amerudi kwenye sinia, na sasa yeye ndiye anayekamua nazi na kuamua kiasi cha tui. Chai isiyo na sukari ameilaani waziwazi, akisema ni maji ya kusuuzia vikombe, lakini anajitilia kijiko kimoja na anainywa. Mwanawe ametoka vijiko vinne hadi viwili, na amekwenda kupimwa sukari kwa hiari yake. Hamri zimebaki za Ijumaa asubuhi, moja kwa kila mtu, naye bibi akiwemo. Halazimiki tena kuifuata jikoni usiku.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumzia chakula cha watoto cha kuchukua skuli. Wabillahi tawfiq.