Chuma kina namba, watu je?

Vijana wenzangu, kuna watu Ulaya na Marekani wanakusanya bunduki za zamani. Mojawapo ni Mauser ya 1871, ile waliyobeba askari wa Mjerumani huku Afrika Mashariki. Wanaipangusa, wanaitundika ukutani pamoja na singe yake. Namba za mtutu na komeo zikifanana, bei inapanda. Eti wanatunza historia!

Historia gani? Bunduki kama hizo zilizima Maji Maji, 1905 hadi 1907. Vyakula vikachomwa, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Chuma kina namba yake mpaka leo. Majina ya marehemu nani aliyaandika?

Sisi tuliokimbia milio ya bunduki tunajua: bunduki si pambo. Anayetaka kuitundika, aandike chini yake ilitumwa kumuua nani.