Mtihani wa GRE ukifanyiwa nyumbani, familia nzima ijiandae

Baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani huwataka waombaji wa shahada za uzamili na uzamivu wawe na matokeo ya mtihani wa GRE. Siku hizi mkazi wa Songea anaweza kuufanyia nyumbani kwa kompyuta yenye intaneti, huku msimamizi akimwangalia kupitia kamera. Anaokoa nauli na uchovu wa basi la Dar es Salaam kupitia Njombe, Iringa na Morogoro.

Hata hivyo, masharti yake hayawezi kutimizwa na mtahiniwa peke yake. Mlango wa chumba lazima ufungwe na asiingie mtu mwingine. Mtoto anayemkimbilia mama yake, au shangazi anayechungulia kuuliza kama chai iletwe, anaweza kusababisha mtihani ufutwe. Ada yake ni zaidi ya dola 200 za Marekani, na anayetaka kurudia husubiri siku 21.

Kwa hiyo jioni ya kabla ya mtihani watu wa nyumbani waketi waelezane. Nani atamchukua mtoto? Nani atajibu hodi? Redio izimwe saa ngapi? Saa nayo isomwe vizuri: 9:00 asubuhi kwenye uthibitisho ni saa tatu, si saa tisa.

Simu na tableti hazitumiki kufanyia mtihani, wala spika za masikioni haziruhusiwi. Karatasi za kawaida za kukokotolea pia haziruhusiwi. Hutumika ubao mdogo mweupe, au karatasi moja ndani ya plastiki angavu, pamoja na kalamu inayofutika. Kompyuta ijazwe chaji usiku, maana umeme hautoi taarifa. Jina la kwenye kitambulisho lifanane na lile la kujisajili.

Tangu Septemba 2023 mtihani huu huchukua saa 1 na dakika 58, bila mapumziko yaliyopangwa. Hapo ndipo mwili unapodai haki yake. Kukesha na vitabu usiku wa mwisho ni hasara, kwa sababu ubongo hupanga kumbukumbu wakati wa usingizi. Asubuhi ale chakula alichokizoea, kama uji na yai au viazi vitamu, saa moja au mbili kabla. Kahawa ya Mbinga ni tamu, lakini aliyezoea kikombe kimoja asinywe vitatu: moyo utaenda mbio na haja ndogo itamsumbua. Maji anywe kwa kiasi, na aende msalani kabla ya kuanza. Mwezi Juni na Julai avae sweta, kwani vidole vyenye baridi huchelewa kuandika.

Woga kidogo ni wa kawaida. Kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi husaidia kuutuliza. Lakini anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa, au anayebanwa kifua kila akifikiria mtihani, amwone daktari. Asimeze dawa za usingizi za kuazima kwa jirani.

Mlango ukifunguliwa, swali la kwanza lisiwe "umepata ngapi?" Matokeo rasmi hutoka baada ya siku 8 hadi 10. Apewe pole, akaribishwe mezani, na mtoto arudishiwe mama yake.