Mtuhumiwa, mshtakiwa, mhalifu
KAULI YA WIKI | Na Zuhura Mbwana

Shuleni tulikatwa maksi kwa kurudia neno moja kwenye insha, na waandishi wa habari za mahakamani hawajasahau. Aya ya kwanza mtu ni "mtuhumiwa", ya pili "mshtakiwa", ya tatu, ili msomaji asichoke, keshakuwa "mhalifu". Hakimu hata jalada hajalifungua.

Mtuhumiwa ametajwa tu kwa ubaya. Wenzetu wa Kenya humwita mshukiwa, na naona wamemwonea huruma zaidi, kwani kushuku hukaa moyoni, kutuhumu kumeshatoka mdomoni. Akisomewa mashtaka ndipo anakuwa mshtakiwa. Akikosa dhamana ni mahabusu, hata kama analala gereza moja na wafungwa. Mhalifu asubiri hukumu. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 13(6), inakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika, nami sioni kwa nini kumpachika jina kusihesabiwe kuwa ni kumtendea. Kwenye kesi za madai, mshtakiwa hayupo kabisa: kuna mdai na mdaiwa.

Panapoumiza zaidi ni "kuachiwa". Kichwa cha habari kinapiga kelele "Aachiwa huru!", ndugu wanapigiana simu, kumbe mtu katoka kwa dhamana na kesi itatajwa tena. Au Mkurugenzi wa Mashtaka ameiondoa kesi mahakamani. Huyo kafutiwa mashtaka, na sheria haizuii ashtakiwe upya kwa jambo lile lile. Wapo waliokamatwa tena wakiwa hawajatoka hata kwenye viwanja vya mahakama. Wasomaji wakapiga yowe kwamba uamuzi wa hakimu umepuuzwa. Uamuzi gani? Hakimu hakusema hana hatia. Angesema hivyo, au angemwona hana kesi ya kujibu, hapo tungeandika "huru" kwa wino mzito, na upande wa mashtaka ukinung'unika, ukate rufaa.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kisingizio cha kutafsiri haraka haraka kimekwisha. Kwa hiyo mwandishi akileta habari yenye "mshtakiwa" mara kumi na mbili, mhariri, tafadhali, iache ilivyo. Maksi za insha tulishazipata.