Nani Atafungua Vali kwa Mkono?

Agosti 2022 kundi la wadukuzi liitwalo Cl0p lilijigamba kuwa limeingia katika mifumo ya Thames Water, kampuni inayowapelekea maji wakazi wa London. Lilikuwa limekosea nyumba. Aliyevamiwa ni South Staffordshire, kampuni ya maji ya Uingereza ya kati. Wezi hao wasiojua hata wamemwibia nani walitoa picha za skrini walizodai ni za kuendeshea mitambo, wakasema wangeweza kubadili dawa zinazotiwa kwenye maji. Kampuni ilisema maji yalibaki salama, na hatuna sababu ya kubisha. Lakini wakazi wa London wasicheke sana.

Zamani pampu haikuwa na habari na kompyuta ya ofisini. Leo meneja anataka kuona kiwango cha maji kwenye simu yake, fundi wa kampuni iliyouza pampu anataka kuirekebisha akiwa nchi nyingine, mhasibu naye anataka hesabu zake kabla ya mwisho wa mwezi. Kila mmoja anatobolewa tundu lake, na nywila iliyokuja na mashine kutoka kiwandani aghalabu haibadilishwi. Tena mitambo si simu. Hukaa miaka 20 au 30, programu zake zikizeekea humo humo, kwa sababu hakuna anayethubutu kuzima maji ya mji ili aweke programu mpya.

London imekwisha kuonja. Juni 2024 ilivamiwa Synnovis, maabara inayopima damu za wagonjwa wa hospitali za King's College na Guy's and St Thomas'. Miadi zaidi ya 10,000 iliahirishwa, na wenye damu ya kundi O wakaombwa wajitokeze kuchangia. Mwaka uliofuata King's College ilithibitisha kwamba kuchelewa kwa majibu ya damu wakati wa shambulio hilo kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia kifo cha mgonjwa. Septemba 2024 ikawa zamu ya Transport for London. Wafanyakazi wapatao 30,000 walilazimika kwenda wenyewe kubadilishiwa nywila, lakini treni na mabasi viliendelea kubeba abiria. Ofisi ikipigwa, reli isiguswe: hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Na mtambo wenyewe ukiguswa? Waulizwe Waukraine. Tarehe 23 Desemba 2015 wadukuzi waliwazimia umeme wateja wapatao 225,000. Umeme ulirudi baada ya saa chache tu, kwa kuwa mafundi walikwenda vituoni wakarudisha swichi kwa mikono. Vifaa vilikubali kuendeshwa hivyo, na wanaojua kuviendesha walikuwa bado kazini. Kampuni inayobana matumizi humwona mtu wa namna hiyo kuwa mzigo.

Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilipeleka Bungeni mswada unaowabana hata wanaozihudumia kompyuta za kampuni za huduma muhimu, na unaotaka shambulio kubwa liripotiwe ndani ya saa 24. Tunauunga mkono. Ila ripoti haifungui vali. Mwezi mmoja kabla yake, kituo cha taifa cha usalama wa mtandao kilizishauri kampuni ziwe na mipango yao ya dharura kwenye karatasi. Ushauri huo ugeuzwe sharti: kila mwaka, kituo kwa kituo, kampuni za maji na umeme ziweke kompyuta kando na kuendesha mitambo kwa mikono, mkaguzi akiwa pale pale anatazama.

Nyumbani Afrika Mashariki tusijione tuko mbali. Julai 2023, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, iliposhambuliwa, wateja wa umeme walihangaika kununua tokeni. Hilo lilikuwa dirisha la malipo tu. Mita na pampu zinazosomwa kwa mbali zinaendelea kununuliwa, na muuzaji hupenda kubaki na ufunguo. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji wa Tanzania, na EPRA, mdhibiti wa nishati wa Kenya, zisipitishe mradi wa namna hiyo kabla ya kuuliza mambo mawili: nywila ziko mikononi mwa nani, na ni fundi gani, kwa jina, atakayeuendesha mtambo siku kompyuta zitakapozimwa.