Kujitolea kwa Nani?

Katika kabati langu ninalo daftari moja gumu, la aina ile tuliyozoea kuiita kaunta buku. Jalada lake limeliwa na mende na kurasa za mwisho zimeingia maji. Ndani yake mna mpango wa mazingira wa kijiji chetu, nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe mwaka 2007, nilipokuwa katibu wa kamati ya maliasili. Nakala iliyopigwa chapa ilipelekwa wilayani kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki, na nauli ya aliyeipeleka ilitoka mifukoni mwetu. Tangu siku hiyo sijapata jibu lake, wala la kukubali wala la kukataa.

Sikuandika haya kwa sababu ya jibu hilo peke yake. Mtu akishatumikia serikali kama mwalimu kwa miaka thelathini na ushei huzoea barua zisizojibiwa. Ninachogombana nacho ni neno. Neno lenyewe ni kujitolea, na naona limefanyiwa uharibifu mkubwa kuliko msitu wenyewe.

Kijiji chetu kipo kwenye miteremko ya Uluguru. Asiyeifahamu milima hii na aelewe jambo moja tu: maji yanayotiririka huku kwetu huingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonyweshea Dar es Salaam kwa sehemu kubwa. Mtambo wa Ruvu Juu umekuwako tangu 1959 na ule wa Ruvu Chini tangu 1976. Mwezi wa Oktoba 2022 mvua zilipochelewa na mto ukapungua, jiji zima liliingia katika mgao wa maji, na ghafula redio zikajaa habari za vyanzo vya maji. Kila mtu akawa anajua kwamba huku milimani kuna watu wanaolima. Kwamba kuna watu wanaolinda, hilo halikutajwa sana.

Na wapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kamati za mazingira zishuke hadi kijijini na kitongojini. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo inatambua kamati ya kijiji katika ulinzi wa misitu. Ni sheria nzuri. Nimezisoma, na natamani kila anayezitaja jukwaani angezisoma pia. Lakini sheria ikishashuka ngazi zote, kutoka wizarani hadi mkoani, kutoka mkoani hadi wilayani, kutoka wilayani hadi katani, kila ngazi ina mshahara wake, ina meza yake na ina mafuta ya pikipiki. Inapofika kijijini, kwenye ngazi ile ambako kazi yenyewe hufanyika, hapo ndipo mshahara unapokoma na neno kujitolea linapoanza.

Ngoja nieleze jinsi tulivyopanga. Walikuja maofisa watatu, vijana wenye adabu, wakakaa nasi siku sita. Utaratibu wao ulikuwa ule wa fursa na vikwazo, ambao umeenea katika halmashauri zetu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa wazo lake sina ugomvi nao: wananchi wenyewe waseme walicho nacho, kinachowazuia, na wanachotaka kianze. Tulichora ramani ya kijiji chini kwa majivu na mawe. Wazee walionyesha chemchemi zilizokufa na zilizo hai. Akina mama walionyesha mahali wanapochota kuni na mahali wanapoogopa kupita. Nilikuwa nimeishi kijijini humo maisha yangu yote na siku ile nilijifunza vijito viwili nisivyovijua. Nasema kweli, zilikuwa siku nzuri.

Kisha vikaingia vile walivyokuja navyo wageni: bango kitita, kalamu za wino mzito, na jedwali. Jedwali lilikuwa na safu zake, na kila tulichosema kilipaswa kupata safu ya kukaa. Mzee mmoja alisema chemchemi ya juu isipandwe mti wowote ila mkuyu, kwa kuwa mkuyu huita maji. Mkuyu haukuwa katika orodha ya miche. Iliyokuwako ni mikaratusi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kitaluni tayari kwenye viriba. Mtu yeyote aliyelima mteremkoni anajua mkaratusi unavyokunywa. Katika daftari langu imeandikwa, kwa mwandiko wangu safi wa ubaoni, “miche rafiki wa maji”. Hivyo ndivyo tulivyopatana, kwa maneno yasiyomaanisha kitu.

Siku ya sita maofisa walitia saini karatasi zao za posho juu ya boneti ya gari. Sisi tulipewa soda. Hapana ubaya, wamesafiri, wamelala ugenini, na posho ni haki yao kwa mujibu wa kanuni. Lakini katibu wa kamati, aliyeacha mihogo yake ikichimbuliwa na ngiri kwa siku sita, alisimama akatoa shukrani kwa niaba ya wanakijiji. Katibu huyo ni mimi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Sheria inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji au kingo za mto. Tulitakiwa kuitungia sheria ndogo ya kijiji, na tukaitunga. Katika bonde letu, ndani ya hizo mita 60, kulikuwa na bustani za mchicha, magimbi na nyanya. Wenye bustani hizo karibu wote walikuwa wanawake, na wengi wao wajane, kwa sababu bonde ndiyo ardhi ya mtu asiye na nguvu ya kupanda mlima. Katika mkutano mkuu wa kijiji mama mmoja wa makamo, ambaye kwa ukoo mimi humwita shangazi, alisimama nyuma akauliza, “Mwalimu, mwanangu, tukitoka huko bondeni tunakwenda wapi?”

Ofisa akamjibu kwamba mpango una kipengele cha mbadala: bomba la maji la mserereko litakalofika kwenye mashamba ya juu, pamoja na mbegu na mafunzo. Shangazi akakaa. Wengine wachache wakaguna. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, kukawa kimya, na mimi nikaandika katika muhtasari kwamba wajumbe waliafiki kwa kauli moja.

Haikuwa kauli moja. Nilijua hivyo nikiwa bado nimeshika kalamu. Niliandika hivyo kwa kuwa ndivyo miandiko ya namna ile huandikwa, na kwa kuwa wageni walikuwa na safari.

Sehemu ya mpango iliyohusu kuwatoa wanawake bondeni ilitekelezwa katika miezi minne. Haikuhitaji fedha. Ilihitaji mgambo wawili, panga, na ile sheria ndogo niliyoinakili mimi. Sehemu iliyohusu bomba ilihitaji bajeti, kwa hiyo ikabaki ndani ya bahasha ya kaki. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mipango hii inavyosomwa huko juu: wajibu wa mwananchi ni utekelezaji, haki ya mwananchi ni maombi.

Wapo watakaoniambia kwamba kujitolea ni mila yetu, tangu enzi za ujima na msaragambo, na kwamba ninataka kuharibu utamaduni kwa shilingi. Hao nawajibu kwa utulivu kwa kuwa mimi ni zao la utamaduni huo. Nilikuwa mtoto wa shule katika miaka ya 60, wakati wa Uhuru na Kazi. Tulibeba mawe ya zahanati vichwani na tukaimba. Lakini aliyebeba jiwe alitibiwa katika zahanati ile ile, na viongozi walionekana na majembe mikononi. Katika ujima ninakusaidia kupalilia leo, kesho unanisaidia mimi, na pombe au uji unakuwapo. Mkataba ule haukuandikwa, ila kila mtu aliujua. Usiku wa doria katika msitu wa juu, ambao tangu 2008 umekuwa sehemu ya hifadhi ya mazingira asilia ya Uluguru na uko chini ya serikali kuu, mkataba wake ni upi? Wajumbe wetu walitoka na tochi za kununua wenyewe na kandambili miguuni, kuwakabili wapasua mbao waliokuja kwa lori. Kijana mmoja alivunjwa mkono. Alitibiwa kwa fedha za kuuza mbuzi wa mama yake. Hakuwa mtumishi, kwa hiyo hakuwa na fidia. Hakuwa raia wa kawaida aliyelala kwake, kwa hiyo watu walimwuliza alikuwa akitafuta nini usiku ule.

Na kama ni historia, milima hii inayo yake. Mwanzoni mwa miaka ya 50 serikali ya mkoloni ilileta mpango wake wa matumizi bora ya ardhi ya Uluguru. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi mlimani. Udongo wa juu huku ni mwembamba. Ukiuchimba kwa kina unafukua ule usio na rutuba, na mavuno yakashuka mahali pengi. Waliopanga walikuwa na nia ya kuzuia mmomonyoko, nia ambayo mimi nami ninayo. Mwaka 1955 kulitokea ghasia kule Matombo, mtu akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Sisemi maofisa wa leo ni wakoloni. La hasha. Wakoloni walilazimisha bila kutuuliza. Siku hizi tunaulizwa kwanza, tunaandikiwa kwamba tumekubali, na muhtasari ninaandika mimi.

Rafiki yangu mmoja, aliyestaafu katika idara ya misitu, hunibishia vikali kila tukikutana. Husema, “Mwalimu, mkianza kulipwa, siku fedha ikikatika mtauacha msitu.” Hoja yake si ya kupuuzwa. Nimeona vikundi vilivyokufa wiki ile ile mradi ulipofungwa. Lakini sidai mshahara. Nadai kwamba msitu au mto unaozaa fedha umkumbuke anayeulinda, na hilo si ndoto. Katika milima hii hii mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi, tangu 2006, wa kuwalipa wakulima wa Kibungo Juu waliochimba makinga maji na kupanda miti ili maji ya Ruvu yapungue tope. Kule Kilosa, vijiji vilivyotenga misitu yao na kuvuna mkaa kwa zamu na kwa kipimo vimeona ushuru ukiingia katika mfuko wa kijiji na kujenga madarasa. Babati, misitu ya Duru-Haitemba ilikuwa karibu kufanywa hifadhi ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 90. Vijiji vinane vikakataa, vikakabidhiwa viilinde vyenyewe kwa sheria ndogo zao, na msitu ukasitawi. Siri ya Babati si posho. Siri ni kwamba aliyepanga ndiye aliyeamua, na aliyeamua ndiye mwenye msitu. Sisi tulipanga kwa ajili ya msitu usio wetu, kwa maji tusiyoyauza, katika jedwali tusilolichora.

Mkazi wa jijini hulipa ankara ya maji kila mwezi. Simwonei wivu, naye ana shida zake, na maji humfikia akiwa na bahati. Nauliza tu kwamba katika safari ndefu ya shilingi ile, kuanzia bombani kwake hadi kwa wote wanaoigusa, ni kitu gani kinachoizuia isipande mlima hatua chache za mwisho?

Majuzi nimeletewa barua. Kuna zoezi jipya la kuandaa mpango wa mazingira wa kijiji, na kwa heshima ya uzoefu wangu naombwa nikubali tena ukatibu, kwa moyo ule ule wa kujitolea. Sharti mojawapo ni kila kijiji kioneshe mchango wake katika lengo la miti 1,500,000 ambalo kila halmashauri hupangiwa kwa mwaka. Aina ya miti haikutajwa, wala maji ya kuimwagilia kiangazi.

Nilikwenda na barua ile hadi kwa shangazi. Siku hizi macho yake ni hafifu; analima kipande kidogo nyuma ya nyumba, na mchicha ananunua sokoni, yeye aliyekuwa akiuza. Nilimsomea yote. Akaniuliza kama bomba limetajwa. Nikamwambia halikutajwa. Akanyamaza kidogo akipeta mchele wake, kisha akasema, “Basi safari hii uandike na lile nililouliza.”

Nimewajibu kwamba nitakubali ukatibu kwa masharti mawili. La kwanza, mpango wa 2007 usomwe hadharani kabla hatujachora ramani nyingine, na kila kipengele kielezwe kimefikia wapi na nani alikizuia. La pili, muhtasari usipigwe chapa mpaka usomwe mbele ya mkutano mkuu, pamoja na majina ya waliopinga na sababu zao, hata kama magari yatachelewa kuondoka. Barua yangu niliipeleka mwenyewe, nikadai nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Karani alinitazama sana, kisha akautafuta muhuri.