Ozoni na Sukari ya Nyanya



Jumamosi moja nyanya alirudi kutoka sokoni na kikaratasi mkononi. Kilisema ati mtu hutolewa damu, ikachanganywa na gesi ya ozoni, kisha ikarudishwa mwilini ikiwa "safi". Sukari, presha, uchovu, vyote kwisha! "Mjukuu wangu, hebu nisomee vizuri," akaniambia. Nilisoma, lakini roho haikutulia. Bei yenyewe ilishinda kodi yetu ya nyumba.

Kwa maoni yangu, tusikubali. Ozoni si oksijeni tunayoijua. Ina atomu 3 badala ya 2, na ukiivuta inadhuru mapafu. Isitoshe, damu ya mtu mwenye afya hubeba oksijeni asilimia 95 hadi 100 ya uwezo wake, kwa kupumua tu, tena bure. Nayo sukari ya nyanya si uchafu wa kuoshwa. Ni insulini isiyofanya kazi yake sawasawa. Huko Marekani, mamlaka ya chakula na dawa imeandika katika kanuni zake kwamba ozoni ni gesi ya sumu isiyo na faida yoyote ya tiba inayojulikana.

Jamani, si tumeyaona haya? Mwaka wa 1990 Kemron ilitangazwa hapa hapa Nairobi kuwa dawa ya UKIMWI. Majaribio yaliyofuata hayakuona faida yake. Mwaka wa 2011 watu walifurika Samunge, Loliondo, hata kutoka kwetu Kenya, kunywa kikombe cha shilingi 500 za Tanzania. Baadhi yao waliacha vidonge vyao vya kila siku, na hapo ndipo maafa yalipoanza.

Ila nina neno kwa wakubwa wa hospitali pia. Mbona nyanya alikipenda kikaratasi kile? Kliniki anapanga foleni tangu alfajiri, anaonwa dakika chache, anaambiwa, "Endelea na dawa." Wale wa ozoni wameahidi kiti, chai na mtu wa kumsikiliza. Hicho ndicho nyanya anataka kununua, wala si gesi.

Bado hajaamua. Kikaratasi amekifunga ndani ya leso pamoja na kadi ya kliniki. Nimemwomba twende wote siku yake ikifika, nimuulizie daktari maswali yake yote, hata foleni ikininung'unikia.