Msiharakishe Kuitupa Kompyuta ya Zamani
Kompyuta nyingi tunazoziita mbovu zimechoka sehemu moja tu: diski ya kuzunguka. Kichwa chake husoma data kikihamahama juu ya sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, ilhali programu za leo hudai mafaili madogo madogo kwa mkupuo. Ndiyo maana mashine hukwama hata kabla hujaandika neno. Wekeni diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, na ikiwezekana pandisheni kumbukumbu ya RAM kutoka GB 4 hadi 8. Zimeni pia programu zinazojiwasha zenyewe. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini mnaweza kuweka mfumo mbadala wa Linux Mint, ambao ni wa bure. Walimu wakuu, kabla ya kuagiza mpya, mwiteni fundi afungue hizo mlizonazo.